Kisogo cha Mlima

Jumanne asubuhi mpigapicha wa ofisi ya hifadhi alitandaza picha za kalenda mezani kwa mkuu wake. Pimbi alikuwa anaangalia dirishani. Nyani na mwanawe walikuwa wanaangalia dirishani. Tai, aliyepigwa akiruka kuelekea upande mwingine kabisa, alikuwa amepinda shingo mpaka inauma kumtazama. Mkuu aliizungusha picha ya pimbi, na pimbi akageuza kichwa kurudi dirishani.

"Wanaangalia nini?"

"Korongo, mzee. Pale chini ya daraja la kamba."

Mkuu alisogeza kikombe chake cha chai, akasema kalenda ya namna hiyo itawachosha watu macho. Arudi mlimani akapige upya.

Korongo hilo ofisi ililijua vizuri. Miezi minne nyuma, kaka wa mpigapicha, mpagazi wa ofisi hiyohiyo, alikuwa anavuka daraja na stendi ya kamera begani. Mpigapicha, dada mtu, alikuwa ametangulia, amelala kifudifudi kwenye nyasi za ng'ambo, akimvizia mbawala aliyekuja kunywa maji. Akasikia kamba ikikatika. Mbawala akakimbia. Kuhusu kamba hiyo kaka alikuwa ameshaandika barua tatu, na mara zote tatu alijibiwa kwamba suala lake linashughulikiwa.

Mpigapicha alipofika ofisini siku ile, matope hadi magotini, karani wa masijala alimsogezea fomu.

"Weka sahihi hapa, dada, mambo yaanze kwenda."

Akaweka, akidhani ni ya kuomba watu washuke korongoni. Ilikuwa fomu ya likizo ya kaka yake, yenye tarehe ya siku moja nyuma, naye ndiye aliyemsainia kwa niaba. Mtu aliye likizo hafii kazini, wala ofisi haiendi kumtafuta mtu aliyepumzika. Na bila kibali cha ofisi hakuna aliyeruhusiwa kushuka kule. Hasira zake nyingi zilikuwa juu ya ofisi. Zilizobaki, na hazikuwa haba, zilikuwa juu ya mkono wake wa kulia.

Nyumbani hakukaliki. Kila Ijumaa mama alitandika kitanda cha mwanawe na kuuliza likizo inaisha lini. Si kwamba mama alikuwa haelewi. Likizo ndilo neno pekee walilopewa kwa maandishi, naye aliling'ang'ania hilohilo. Mpigapicha alikunywa chai wima, roho juu, viatu vya kupandia mlima miguuni, akajibu kwamba atauliza.

Alipanda mara tisa. Alijibanza nyuma ya mawe, akasubiri upepo utulie, akawapiga mbawala wakiwa wamempa mgongo kabisa. Picha zikitoka kwenye mashine, mbawala walikuwa wameshageuka. Mwishoni akaachana na wanyama, akapiga kilele peke yake, kile chenye pua ya mawe inayojulikana na kila mtoto wa mji. Picha ikatoka na kisogo. Karani alichungulia nje kuhakikisha, akaiona pua ipo mahali pake.

"Mlima umekununia," akasema, akagonga mhuri wa kupokea.

Mkuu aliziangalia picha zote, moja baada ya nyingine.

"Mzee, mimi sitaki kalenda," mpigapicha akamwambia. "Nataka watu wanne, kamba nzima na siku moja. Tumtoe kaka yangu."

"Mtu yuko likizo. Tumtoe wapi?"

"Basi ifute sahihi yangu."

Mkuu alimweleza, tena kwa upole, kwamba sahihi ikishaingia kwenye faili haifutwi. Kisha akaizungusha ile picha ya pimbi mara tatu, na mara zote tatu pimbi akamrudia dirishani. Halafu akasema mchapaji anasubiri, kwa hiyo picha ziende hivyohivyo.

Kalenda ilipendwa kuliko zote zilizotangulia. Wapanda mlima waliopotea kwenye ukungu waliifunua, wakafuata macho ya nyani mpaka korongoni, na kutoka hapo wakashika njia ya kurudi. Ofisi ikajenga daraja jipya la chuma kwa ajili yao. Aliyeuliza wanyama wanaangalia nini aliambiwa wanaangalia daraja, na jibu hilo liliwatosha wengi. Mpigapicha alipongezwa kikaoni na kupigiwa makofi. Alikaa akitafuta mlango kwa macho.

Mwaka ulipokaribia kuisha, barua ilifika nyumbani. Mama alimwomba aisome kwa sauti. Ofisi ilisema kwamba kwa kuwa mtumishi hajaripoti kazini, imeridhia kumwongezea likizo ya mwaka mmoja. Nyuma yake ilibanwa fomu. Safari hii mpigapicha aliisoma neno kwa neno, akiwa ameapa kwamba kalamu hataigusa.

Kalamu haikuhitajika. Mahali pa sahihi palikuwa pameshajazwa. Ilikuwa sahihi yake ileile ya mwanzo, imetolewa nakala vizuri.

"Mwaka mzima?" mama akauliza.

"Mwaka mzima, mama."

Kwenye kalenda ukutani, mlima ulikuwa umewapa kisogo. Ilikuwa Ijumaa, kwa hiyo mama aliinuka kwenda kutandika kitanda. Mpigapicha akachukua kamera yake. Viatu alikuwa navyo miguuni tayari.