Masizi kwenye Reli

Kiangazi kizima Ngassa alishinda kwenye kibanda nyuma ya nyumba yake, huko Nkololo, akiifufua mashine ya kukereza vyuma. Reli zake mbili, ambazo kishika-kisu huteleza juu yake, zilikuwa zimelika katikati kama kizingiti cha mlango. Alipaka bamba la chuma lililonyooka masizi ya chungu na mafuta, akalilaza juu ya reli, akaliondoa. Palipobaki doa jeusi ndipo palipoinuka; hapo akapara kwa tupa kuukuu aliyoinoa ncha, kidogo kidogo. Kisha akapaka tena.

Januarius, msimamizi wa kinu cha pamba, alikuwa amemwambia, "Ikinyooka, vyuma vyetu vyote utakereza wewe. Isiponyooka, mzee, mimi sikujui." Na asipoipata kazi hiyo, Ngassa angebakiwa na kurudi migodini, kulikompa kikohozi kisichosikia dawa.

Hatimaye madoa yakaenea reli nzima, yamelingana kama mtama ulioanikwa, dalili kwamba reli imenyooka. Akayaacha makusudi, Januarius ayaone mwenyewe, akaenda kumpokea barabarani.

Sasa, Shida, mke wa mwanawe Mhoja, alikuwa bado mgeni nyumbani pale. Kwa mila yao baba mkwe hamsemeshi mke wa mwanawe. Neno likiwepo, hupitia kwa mama. Na Ngassa hakuwa amempa mkewe Generoza neno lolote juu ya kibanda. Nani angegusa chuma?

Shida akasikia mgeni yuaja. Mke mpya anayeacha masizi mgeni akayaona, huyo kwao hawakumfunza. Akabeba mchanga na majivu hadi kibandani, akasugua reli kwa nguvu zote, akakisukuma kile kishika-kisu huku na huku, mchanga ukisaga chini yake.

Walipofika, reli ziling'aa, zimechanika mifereji mirefu. Januarius akapitisha kidole.

"Mzee, umeosha sufuria?" Akacheka, akapanda baiskeli yake. "Basi, kazi tutaipeleka kwingine."

Shida akapiga magoti mlangoni kumwamkia mkwewe, mikono ingali na majivu. "Mwadila, baba." Akangoja.

Ngassa akageuzia uso ukutani, akamwambia Generoza aliyesimama nyuma ya Shida: "Mama Mhoja, mwambie mwanao…"

"Nimwambie nini?"

"Mwambie nimeona. Amesafisha."

Generoza akalifikisha. Shida akaangua kicheko cha furaha, na Ngassa akaingia ndani kukung'uta blanketi lake la migodini.