Bunduki ya Upepo Iliyobweka Kakuma

Siku ya mgao, Februari 1996, bunduki yangu ya upepo ilitoa mlio wa bunduki ya vita ndani ya ghala la mahindi pale Kakuma, na watu mia tatu waliokuwa kwenye foleni nje wakalala chini.

Hawakupiga kelele. Hilo ndilo lililonitia baridi. Walilala tu, akina mama wamewafunika watoto kwa vifua vyao, kimya, kama watu wanaofanya kazi waliyoizoea. Wengi wao walitoka Sudan. Kulala chini walikujua kuliko mimi ninavyojua kusali. Nami nilikuwa ndani, bunduki begani, moshi unatoka mtutuni, na kwenye paa kulikuwa na tundu jipya linaloingiza jua.

Njiwa niliyemlenga alikuwa ameruka zake.

Lazima niieleze bunduki yenyewe. Niliinunua Lokichar mwaka 1972 kwa Mholanzi mmoja mchimba visima, alipokuwa akifunga mizigo kurudi kwao. Ni ya kukunja: unaukunja mtutu, springi inajibana tumboni, ukivuta kifyatulio, springi inasukuma pistoni, pistoni inasukuma upepo, na upepo unasukuma punje ya risasi isiyozidi punje ya mtama. Baruti hakuna. Wake nimekuwa nao wawili, na wote wawili ukiwajumlisha hawafikishi nusu ya miaka niliyokaa na bunduki hii. Springi ya kwanza ilikatika nikiwa kwa wavuvi Longech, nikangoja nyingine kutoka Nairobi miezi saba. Ngozi ya pistoni nakatiwa na fundi viatu wa Lodwar. Nailoweka mwenyewe, naisugua mpaka iingie bila kulazimishwa. Kila miezi minne naifungua bunduki, nafuta vumbi, naifunga. Shule nilikwenda kwa vipande, mwaka huku, nusu mwaka kule, lakini tumbo la bunduki ile nalisoma nikiwa nimefumba macho.

Msimamizi wa ghala alinichukua niwapige njiwa wanaokula mahindi, kwa sababu moja: punje yangu haitoboi mabati. Nilikata mizunguko miwili ya springi, nikajaribu kwenye debe tupu kwa hatua ishirini, nikakata nusu mzunguko tena, nikaipiga tupa ncha yake, mpaka punje ikawa inamwangusha njiwa lakini debe inaliachia kibonyeo tu. Kazi ya wiki mbili hiyo. Halafu siku moja, tundu.

Nilijua papo hapo kilichotokea. Mafuta yakiingia mbele ya pistoni, upepo unayabana ghafla mpaka yanashika moto, kama ndani ya injini ya dizeli. Ndiyo maana ya ule mlio, na moshi, na nguvu ya kutoboa bati. Mimi nikiwa na akili zangu siwezi kutia mafuta mle. Basi kuna mtu aliyatia. Nani?

Sajini wa kituo alifika watu wakiwa bado wanajikung'uta vumbi.

"Hii ndiyo bunduki ya upepo?"

"Ndiyo, afande. Cheti hiki hapa."

Alikisoma cheti mpaka upande wa nyuma, ambako hakuna maandishi. "Cheti kinasema upepo. Mimi nimesikia radi."

"Kuna mtu ametia mafuta ndani."

"Mafuta?" Aliwageukia askari wake wawili. "Basi tuache kuomba risasi makao makuu. Tuombe mafuta ya kupikia."

Askari wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu alikuwa ameshaishika bunduki yangu kwa mkanda wake.

"Kesho saa nne gari linakwenda Lodwar," akasema. "Bunduki hii itapanda, na ikipanda, mzee, usiingoje. Kabla ya hapo njoo unionyeshe kwamba ni ya upepo. Na uje na jina la huyo mtu wa mafuta."

Nilikuwa nimerudi kutoka Lodwar siku mbili tu kabla ya hapo. Huko nililala na malaria wiki tatu nyumbani kwa Akoru, mjane anayenikaribisha kila nipitapo, bunduki ikiwa imeegemea ukuta karibu na kichwa changu. Lakini Lodwar sikuiwaza. Niliwaza siku mbili za Kakuma, na chumba cha Kakuma, na mtu niliyekuwa nakaa naye humo.

Alikuwa Majak, Mdinka anayetengeneza baiskeli pembeni mwa soko la kambi. Kufuli moja, funguo mbili, mmoja wake na mmoja wangu. Mikono yake muda wote ni myeusi kwa oili. Na kabla sijaenda kuugulia Lodwar, nilipokuwa natetemeka chini ya blanketi mbili, aliwahi kuniuliza, "Mzee, wewe ukifa, bunduki inabaki kwa nani?" Wakati ule nilicheka. Sasa lile neno lilinirudia likiwa na meno. Ile asubuhi nilikuwa nimeona alama nyeusi ya kidole gumba kwenye mti wa kitako, nikadhani ni uchafu wa safari.

Nilimkuta sokoni amepindua baiskeli ya mtu, anapima rimu.

"Uliigusa bunduki yangu?"

"Niliisogeza."

"Kwa nini?"

"Nafagia. Chumba yetu mimi peke yangu ndiyo nafagia, wewe hujui ufagio inakaa wapi."

"Ukatia oili?"

Aliacha gurudumu likizunguka lenyewe. "Wallahi, mzee. Mimi natembea kutoka Bor mpaka Ethiopia, natoka Ethiopia mpaka hapa, na miguu hii, nakimbia bunduki. Sasa nikuje niguse hii yako ya njiwa?"

"Nimeuliza tu."

"Hapana, hukuuliza tu." Akalishika gurudumu, likasimama. "Macho yako haikuuliza."

Nikaondoka. Jibu lake lilikuwa zuri, na mimi jibu likiwa zuri mno ndipo naanza kulinusa.

Lochakapong, mlinzi wa ghala, nilimkuta mlangoni pake, ameketi juu ya kigoda chake. Kabla sijafika Kakuma yeye ndiye aliyekuwa akiwafukuza njiwa kwa kombeo, akipewa tumbaku kwa kazi hiyo. Sababu ya kunichukia alikuwa nayo.

"Ejok, Mzee Upepo!" alinisalimu kwa sauti nikiwa bado mbali. "Miaka yote inakohoa tu, nasikia leo imebalehe!"

"Ejok. Nani ameigusa?"

"Si mimi. Mimi nikitaka kuharibu kitu yako naharibu mbele yako, nione uso inakuwa namna gani." Akatema tumbaku kando. "Kama vile iko saa hii."

Huyo naye nilimshuku, lakini funguo hakuwa nazo. Nikajumlisha kama mtu aliyesoma madarasa matatu katika shule tatu: ufunguo, oili, kidole gumba, na lile swali la nani atarithi. Jumla ikatoka Majak. Sikujiuliza mtu anayetaka kurithi kitu ana faida gani ya kukiharibu.

Asubuhi saa mbili nilikuwa kituoni. Sajini alitoka kwenye baraza, akaniwekea bunduki mezani.

"Piga lile debe."

Nilipiga nikiomba mafuta yawe yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Ikabweka, mbwa wa kituo akakimbilia chini ya gari, na debe likatoboka huku na huku. Sajini alitazama saa.

"Jina?"

Nilikuwa na jina mdomoni tangu jana. "Majak. Fundi wa baiskeli. Tunakaa chumba kimoja."

Lilipotoka lilikuwa jepesi, kama kutema mbegu. Askari mmoja akaenda kumleta. Alikuja naye bila pingu, lakini kila aliyekuwa njiani alimwona akitembezwa na askari, na nyuma yao alikuja Lochakapong, kwa kuwa hakuna tamasha Kakuma linalompita.

"Afande," nikasema, "niruhusu niifungue. Yaliyomo utayaona mwenyewe."

Kuifungua si kazi ya mtu mmoja. Nyuma ya springi kuna kifuniko kilichoshikwa na pini mbili. Mmoja anakandamiza kifuniko kwa nguvu zake zote, mwingine anatoa pini, kisha kinaachiwa polepole. Mkandamizaji akiteleza, springi inatoka na taya la mtu. Askari wa kwanza alijaribu, akarudisha mikono. Wa pili alisema yeye ana watoto.

"Nani anajua kazi hii?" Sajini aliuliza.

Tangu nifike Kakuma, aliyekuwa akinishikia ni mmoja tu.

"Mimi," akasema Majak.

Akasogea, akaweka vidole gumba viwili juu ya kifuniko, akaegemeza kifua. Nikagonga pini ya kwanza, ikatoka. Kwenye ile ya pili uso wangu unatakiwa uwe karibu sana, vinginevyo huioni. Nilikuwa nimefanya hivyo pamoja naye mara nyingi bila kufikiri. Safari hii nilitazama vidole vyake, nikawaza: akitaka, ni sasa. Nikakipeleka kichwa kando.

Majak aliona. Alizidi kukandamiza mpaka mishipa ya shingo ikasimama, nikagonga pini kwa kupapasa, naye akakiachia kifuniko polepole, kwa upole kuliko siku zote.

Pistoni ilitoka ikiteleza. Mbele yake, na ukutani kote mle ndani, kulikuwa na mafuta. Si meusi. Meupe, kama uji uliogandia sufuriani.

Lochakapong alichota kwa kidole kabla sajini hajamkataza, akanusa, akaramba. "Mkia ya kondoo," akasema. "Hii si oili. Hii ni baraka. Ulikuwa mgonjwa wapi?"

"Lodwar. Kwa Akoru."

"Ulipopona alikupaka?"

Alinipaka. Siku ya kuondoka aliyeyusha mafuta ya mkia wa kondoo, akanipaka paji la uso na kifua, akasema nisirudiwe na homa. Nilidhani amenipaka mimi tu.

"Sisi watu ya huku tukipaka mtu tunapaka na kitu yake, fimbo, kigoda, yote inayotembea na yeye," akasema Lochakapong. "Huyo mama alikupenda. Ameikunja, ameona hapo ndani pamekauka, akamwaga."

Sajini alicheka mpaka akavua kofia. "Basi huyo mama wa Lodwar angefaa ghala letu la silaha." Akaniambia nisafishe, nifunge, nipige tena. Nilifuta kwa kitambaa mpaka kikatoka kikavu. Majak akakandamiza tena, nami nikaweka uso pale pale unapotakiwa, karibu kabisa, nikakaa hapo zaidi ya inavyohitajika. Hakunitazama.

Bunduki ilikohoa. Debe likapata kibonyeo. Sajini akanirudishia cheti na bunduki, na gari likaenda Lodwar bila bunduki yangu.

Mchana nilikwenda sokoni. Ile baiskeli ya jana ilikuwa imekwisha, alikuwa na nyingine.

"Majak, nimekukosea. Nilikutaja bure."

"Kunitaja si kitu. Hapa kambini kila mtu anatajwa, kesho anasahaulika." Alikuwa anakaza spoku moja moja, akiigonga kwa ukucha asikie sauti yake. "Lakini nilikuwa nashika springi, na wewe unatoa kichwa."

"Niliogopa."

"Najua. Mimi nilikuona." Akageuza gurudumu. "Bunduki inapiga?"

"Inapiga vizuri."

"Basi, khalas."

Nilikaa pale juu ya tairi kuukuu nikingoja aongeze neno. Wateja wawili walikuja, akawahudumia, wakaenda. Nilipofika chumbani jioni, godoro lake halikuwepo, na ufunguo wake ulikuwa dirishani. Sakafu ilikuwa imefagiliwa.

Siku hizi anayenikandamizia kifuniko ni Lochakapong. Anakandamiza huku amejaza tumbaku shavuni, na kila nikigonga pini ya pili anauliza, "Mzee, niachie?" Nami natoa kichwa, naye anacheka, na pini naipiga kwa kupapasa.