Penseli ya Ukurasa wa Tisini na Moja

...na kitabu cha pili, anasema profesa, kinatufundisha jinsi uvumi unavyosafiri mjini, na vichwa vinaitikia kwa pamoja, vya walimu, vya wanafunzi, cha mkuu wangu wa maktaba aliyeketi mstari wa mbele kama anayengoja kupigwa picha, uvumi unavyosafiri, kana kwamba huyu bwana amewahi kusafiri popote bila dereva, vitabu vitano kuhusu miji na namna watu wanavyofuatana, ndivyo lisemavyo tangazo la mlangoni, nimelibandika mwenyewe, na najua vizuri amesoma vingapi maana mimi ndiye ninayepiga muhuri, miaka ishirini na miwili nagonga tarehe, wenzangu wananiita Bi Muhuri wakidhani sina habari... cha kwanza hakukiazima kabisa, cha pili alisoma jalada la nyuma pale pale kaunta, amesimama, na hicho cha tatu anachokiinua sasa, cha kijani, alikichukua Alhamisi jioni akakirudisha Ijumaa asubuhi, kurasa mia nne, labda alikilalia... tulikaa dawati moja chuoni mimi na yeye, akinakili kwangu hadi herufi nilizokosea, halafu mkuu wa idara akaniambia, wewe binti una mwandiko mzuri, maktaba itakufaa, mawazo waachie wenye mawazo, na darasa zima likacheka, na mimi nikacheka, sijui nilicheka nini... "Sikilizeni mwandishi anavyosema," anavaa miwani, anasoma kwenye karatasi yake, "mjini mtu haulizi mlango uko wapi, anauliza mwisho wa foleni uko wapi."

Hapana, hiyo hapana, mwandishi hakusema hivyo, niliyesema ni mimi, kwa penseli, pembeni mwa ukurasa wa tisini na moja, siku niliyosimama dirishani nikiwatazama watu wamejipanga mlango wa kushoto wa jengo letu hili ilhali wa kulia uko wazi tangu asubuhi, mimi ninayewafokea wanafunzi wanaochora vitabu, niliandika, nikaona aibu, nikasahau kufuta... kumbe kitabu hakukisoma, alisoma penseli, mvivu wa kutupwa, kapita pembeni pembeni akiokota vya watu kisha kasahau kipi cha nani, mpaka leo ananakili kwangu, na ukumbi mzima umeinama unaandika, hata mkuu wangu ambaye barua zake huwa naziandika mimi, wanaandika sentensi yangu wakidhani imevuka bahari kuwafikia, wajinga watupu...

"Dada," ananong'ona binti wa chumba cha magazeti aliyekaa kando yangu, "baada ya mlango kasema nini?"

"Mwisho wa foleni uko wapi."

"Huyu mzee ana kichwa," anasema, anamalizia kuandika, na mimi nashusha macho kwenye daftari langu, nayo ipo, sentensi nzima, kwa mwandiko wangu ule ule mzuri, imefungwa na alama za kunukuu, na chini yake jina la mwandishi wa kitabu cha kijani... nimeandika lini, nimeandika kwa sababu wote wameandika, mkono haukuniuliza, na dharau yote niliyokuwa nikimmwagia huyu bwana inanirudia usoni, ya moto, maana yeye angalau aliiba, mimi nimegawa, nilicheka kwa sababu darasa lilicheka, nikaja maktaba kwa sababu hakuna aliyesema hapana, wala mimi sikusema, miaka ishirini na miwili nikiamini sina mawazo, na kumbe nilikuwa nayo, nilikuwa nayo yote, ila kila mara niligeuka kwanza kuwatazama wengine... nalifuta jina la mwandishi, kifutio kinachafua karatasi, nafuta tena, "kuna swali kabla sijaingia kitabu cha nne?" anauliza, na ninalo, nitasema fungua ukurasa wa tisini na moja utazame pembeni, mkuu na ajue leo ni nani anayemchafulia vitabu, akitaka anifukuze, nainua kiwiko, kimeshaachana na daftari, na nageuka kuangalia kama kuna mwingine aliyenyoosha mkono.