Mlango wa Jikoni

Kila jioni mpimaji akirudi kutoka maabara ya kiwanda cha sabuni, yeye na dada yake huosha vyombo pamoja: dada anasugua, yeye anafuta. Jioni hiyo alikuta utando wa sabuni umeziba mlango wa jikoni, kutoka juu hadi sakafuni.

"Huu umetoka wapi?"

"Nilikuwa nasuuza sufuria," dada alisema kutoka ndani. "Na uvue viatu huko huko, nimepiga deki."

Utando haukuwa bapa. Ulikuwa umebinukia upande wa dada, kama shavu lililojaa maji. Kupima tando za namna hii ndiyo kazi ya mpimaji, kwa hiyo alileta rula na tochi. Utando una nyuso mbili, na uso mmoja ukibeba sabuni zaidi ya mwenzake, utando wote hubinukia upande wa uso huo.

"Upande wako umebeba zaidi," alisema.

"Ndiyo umejua leo?"

Mpimaji alitahayari, akafanya anachofanya kazini. Alinyunyiza spiriti, ambayo hulainisha tando ngumu. Utando ukalainika kweli, ukawa unatikisika kila walipovuta pumzi. Mbinuko ulibaki vile vile. Akapima tena.

Miaka ya nyuma, mama yao alipougua akawa hawezi kuinuka kitandani, dada aliacha chuo cha ualimu, akabaki nyumbani kumgeuza na kumwogesha. Mpimaji alikwenda chuo kikuu kusomea tando. Sasa mama ameshazikwa, na chuo cha ualimu hakipokei tena watu wa umri wa dada.

"Weka rula chini, profesa," dada alisema. "Vyombo havijifuti."

Akapenyeza mkono wenye sahani. Utando ulimbana kidogo kwenye kifundo, haukupasuka. Mpimaji aliipokea sahani, akaifuta, akaiweka mezani. Likafuata bakuli, kisha vikombe.

"Lakini dada, ni wewe uliyeniambia niende," mpimaji alisema, macho kwenye kikombe. "Ulisema, 'Nenda kasome, mimi naweza.' Ulikuwa unacheka."

Dada alifunga bomba. Utando ulitetemeka kati yao, ukatulia, umembinukia yeye kama mwanzo.

"Nilisema, ndiyo," alijibu. "Nilitaka unibishie."