Bata Mzinga wa Malha

Mimi kuomba siwezi. Kugombana naweza, kuvutana bei naweza, lakini kusimama mlangoni pa mtu nikasema nisaidie, hapo ulimi wangu unakuwa mzito. Na siku nilipolazimika kuomba, Mungu akanipeleka mlangoni pa Malha.

Malha na mimi tulikuwa hatusemeshani tangu harusi ya mpwa wangu, aliposhika yeye chungu cha kuskus, zile punje za unga wa ngano tunazopika kwa mvuke. Nilionja, nikasema mbele ya wanawake wa vijiji viwili kwamba kuskus ile ukiirusha inavunja dirisha. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Malha hakucheka. Enzi hizo umeme ulikuwa unawaka na dinari ilikuwa inanunua kitu, kwa hiyo sikuona nitamhitaji kwa lipi.

Sasa dinari tunawashia moto. Tangu serikali ianguke na malori yaache kupanda huku mlimani, kila mtu anabadilisha alichonacho. Sisi wa juu tuna mafuta ya zeituni na tini kavu, watu wa uwandani wana ngano na chumvi, tunakutana soko la Jumamosi ng'ambo ya mlima. Soko lenyewe ni salama, ukimshika mtu shati tu wazee wa pale wanakutoza faini. Shida ni njia. Kwenye kona za juu wanakaa vijana wenye bunduki, na kazi nyingine hawana. Ndipo watu wakairudia anaya ya babu zetu: mtu anayeheshimika njiani anakupa kitu chake kinachojulikana, fimbo, kilemba, chochote, unakwenda nacho. Atakayekugusa amemgusa mwenye kitu, na kijiji chake kizima kitamfuata mpaka kwao.

Njia ile ni ya kina Malha. Nyumba yao iko pale pale mlima unapoanza, hakuna anayepita asionekane.

Na mimi kwenda ilikuwa lazima. Binti yangu Zahwa alikuwa anaolewa Alhamisi. Mara mbili tumeahirisha, mara ya kwanza kwa sababu ya vita, ya pili kwa sababu ya njaa. Mchumba wake, Mezian, anakaa bonde la pili, na mawingu yalishaanza kukaa kileleni. Theluji ikianguka njia inafungwa mpaka milozi itoe maua. Na kwetu harusi bila kuskus si harusi, ni kikao. Nyumbani ngano haikubaki hata ya kujaza kiganja.

Basi nikapiga moyo konde. Mimi, Zahwa, punda na madumu mawili ya mafuta.

"Karibu, Mama Zahwa," akasema Malha bila kuinuka. "Umekuja kutafuta vioo vya dirisha?"

Zahwa akakohoa kuficha kicheko.

"Nimekuja kuomba anaya, dada. Ya kwenda sokoni na kurudi."

"Anaya." Akajifuta mikono kwenye gauni, taratibu kabisa. "Sema kwanza kuskus yangu ni nzuri."

Nikafungua mdomo. Haki ya Mungu nilijaribu.

"Mlango wako mzuri," nikasema.

"Sijakuuliza mlango."

"Siwezi kukudanganya mlangoni kwako, Malha, na huku nakuomba."

Akanitazama mpaka nikajua safari imekufa. Kisha akazunguka nyuma ya nyumba, nikasikia kelele na mabawa yakipigwa, akarudi na bata mzinga kwapani, mkubwa kama mtoto wa shule, uso mwekundu, macho ya ugomvi.

"Mwanamke akiomba anaya kwangu hanyimwi, hata akiwa wewe. Mume wangu yuko malishoni na fimbo yake ameondoka nayo. Mchukue Pasha. Njia nzima inamjua." Akamkabidhi Zahwa, kisha akanigeukia mimi na kuniita kwa jina langu. "Arudi mzima, Juher. Akiharibika, aibu ni yangu."

Sikuamini. Nimeambiwa nivuke mlima kwa ulinzi wa kuku mkubwa. Njia nzima nilinung'unika, na Pasha naye alinung'unika, tukawa tunajibizana.

Kwenye kona ya tatu vijana wakatokea na bunduki zao. Mkubwa wao alishaweka mkono kwenye dumu langu, mara akaona kilichoko mikononi mwa Zahwa.

"Huyo si Pasha?"

"Ndiye," nikasema.

"Mnampeleka wapi?"

"Yeye ndiye anayetupeleka sisi."

Mwenzake akarudi nyuma hatua moja. "Mimi alinirarua suruali mwaka jana," akasema. "Nilikuwa napita tu, shangazi, wala sikumsemesha."

Yule mkubwa akauondoa mkono wake. "Piteni. Msalimieni Mama Malha. Mwambieni tuliwasaidia kubeba."

"Hamjabeba kitu."

Basi wakabeba madumu mpaka kileleni, na punda wangu akapanda bure kama bwana. Nikaanza kumpenda Pasha kidogo.

Sokoni ndiko mambo yalikoniharibikia. Zeituni mwaka huu zimezaa kupita kiasi, kila aliyeshuka mlimani ameshuka na mafuta. Busaad, mfanyabiashara wa ngano kutoka uwandani, alinipimia kwa madumu yangu yote mawili kimfuko kidogo ambacho kingeshibisha watu wa nyumba moja. Nilibembeleza, nikatukana kidogo, nikabembeleza tena. Hakusogea.

"Mafuta ninayo ya kuogea, mama," akasema. "Ila huyo bata mzinga nakupa kwake gunia zima."

Gunia zima. Harusi nzima ilikuwa ndani ya gunia lile, na mabakuli ya pili kwa wageni. Nilimtazama Zahwa. Alikuwa amemkumbatia Pasha na kuinamisha uso, na hilo liliniuma kuliko kama angelia. Nikamtazama Pasha. Naapa saa ile nilimchukia. Lakini nilimkumbuka Malha alivyozunguka nyuma ya nyumba, amenuna, bado ana uchungu wa maneno yangu, na bado akanipa.

"Hauzwi," nikasema.

"Gunia na chumvi."

"Nimesema hauzwi."

Sasa, uwandani mtu akikataa mara mbili maana yake anapandisha bei. Busaad akacheka, akasukuma gunia miguuni kwangu, akamkamata Pasha mguu na kumvuta. Pasha akamdonoa mkono na kumpiga bawa la uso. Busaad alipoachia alikuwa ameshika unyoya wa mkiani.

"Umegusa anaya," nikamwambia, na sauti yangu ilifika mpaka kwa wauza kondoo.

Mzee wa soko akaja, akauangalia unyoya, akamwangalia Pasha, akamwuliza Busaad kama anajua bata huyo ni wa nani. Busaad alikuwa amepauka.

"Mimi si mnyang'anyi," akasema. "Nilidhani mama anavuta bei."

"Ndiyo maana ni faini tu," akajibu mzee. "Gunia la ngano. Na si la huyu mama, ni la mwenye anaya. Mama, utamfikishia."

Unaona mambo hayo? Nimevuka mlima na gunia la ngano mgongoni mwa punda wangu, na hata punje moja si yangu. Zahwa alisema njiani jambo moja tu, kwamba Mezian atasubiri. Mimi nilitazama mawingu, nikalia kwa siri nyuma ya punda.

Kwa Malha nilishusha kila kitu: Pasha, unyoya, gunia. Nikamweleza yote. Akauchomeka unyoya kwenye kitambaa chake cha kichwa, akakunja mikono.

"Na ngano yako iko wapi?"

Nikamwonyesha kile kimfuko nilichopewa kwa mafuta yangu.

"Kwa harusi?"

"Tutaahirisha."

Zahwa akageukia ukuta.

"Ungekaa na gunia kimya," akasema Malha, "nisingejua."

"Pasha angekwambia."

Hapo ndipo nilipomwona Malha akicheka, kwa mara ya kwanza tangu lile dirisha. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Haya, bibi harusi, geuka," akamwambia Zahwa. "Gunia ni zawadi yako. Lakini kuskus naipika mimi."

Na akaipika. Alhamisi matari yalilia tangu asubuhi, Mezian alikuja na ukoo wake wote, hata wale vijana wa kona waliteremka, bunduki wameacha mlangoni, na Pasha akawakimbiza uwanja mzima watu wakishangilia. Zahwa wangu alikuwa anang'aa. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, na nasema bila aibu.

Kisha mabakuli yakapita. Malha akaja na upawa wake, unyoya kichwani, akasimama mbele yangu. Wanawake wa vijiji viwili wakaacha kutafuna.

"Haya, Mama Zahwa."

Nikatia kijiko mdomoni. Ilikuwa ile ile. Haijabadilika hata kidogo, niliisikia ikigonga meno. Malha alikuwa hapumui.

Nikamsogezea bakuli.

"Niongeze," nikasema.

Akanijazia mpaka juu, na nikala yote.