Deraya ya Molefi

Sechaba alitoka gereji akiwa amekumbatia bamba la kifua kama mtu aliyebeba televisheni ya wizi, na hapo nikajua kwamba siku ile haitaisha kwa amani.

Tulikuwa uani, nyumbani kwetu Thabong, mtaa wa wachimba dhahabu, ukoo wa marehemu mume wangu umekaa kwa daraja zake: wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mikeka, na mimi pembeni ya wote, juu ya godoro dogo, nimevaa nyeusi tupu kuanzia kilemba hadi soksi. Ilikuwa siku ya kugawa nguo za Molefi. Mwenye kazi hiyo ni mjomba, kaka wa mama wa marehemu, na mjomba wa Molefi anaitwa Ntsane, mzee anayependa kazi hiyo kupita kiasi. Ananyunyizia nguo maji ya dawa, anaita jina, anayeitwa anaivaa papo hapo mbele ya watu, na watu wanamwambia imemkaa hata kama haijamkaa.

Sikuleta fujo asubuhi yote. Mashati yalikwenda, viatu vya Jumapili vilikwenda, na hata koti alilonioa nalo lilipoangukia kwa binamu mmoja ambaye hakunipa hata salamu msibani, nilimeza. Nguo ni nguo. Lakini Sechaba, mdogo wake Molefi, alilaza lile bamba mkekani, akarudi gereji, akaleta mabega, akaleta mikono, akaleta vikinga miguu, na mwisho kofia yenye taa.

"Mjomba," akasema akihema, "na hii je? Si aliivaa?"

Kwa asiyejua, ile ilikuwa chuma kitupu. Rangi ya risasi, mikwaruzo ya mawe, kutu kwenye viungo, namba ya shifti begani, na mirija miwili ya kupumulia iliyotoka kifuani hadi ndani ya kofia. Deraya ya mchimba madini wa zama ambazo hazijafika, anayechimba mwezini. Ukweli ni kwamba haikuwa na chuma hata punje. Ilikuwa mikeka ya sponji ngumu, ile wanayolalia watu wa mazoezi, na ile kutu niliipika mimi mwenyewe kwa rangi na majani ya chai.

Molefi alishuka mgodini akiwa kijana, akapandishwa akiwa na mapafu yaliyojaa vumbi. Alikuwa akisema kwamba dhahabu ya hapa ikiisha watu watakwenda kuchimba mwezini, na utaona, watakaotumwa ni wa Thabong. Alianza kwa kumchora huyo mtu. Mimi nilikuwa nashona sare za shule, nikamwambia mtu huyu wako anashoneka. Nilimzungushia mwilini plastiki ya jikoni, juu yake selotepu ya kijivu, hadi akashindwa hata kujikuna, kisha nikampasua mgongoni kwa mkasi akatoka mzima, akaniachia ganda lake. Ganda hilo ndilo nililolikata vipande, likawa ramani ya sponji. Kifua nilikikunja kwa hewa ya moto juu ya tumbo la mviringo la sufuria ya miguu mitatu, ile ya harusi yetu. Gundi unapaka pande zote mbili, unasubiri hadi isinate kidoleni, halafu unakutanisha mara moja tu. Ukikosea umekosea.

Tulikwenda naye kwenye maonyesho ya mavazi ya kubuni Bloemfontein, na mara moja Johannesburg, ambako vijana wanavaa kila aina ya viumbe na hakuna anayewacheka. Watu walijipanga kupiga naye picha. "Kaka, umetengeneza mwenyewe?" Yeye alijibu kila mara, "Mke wangu ndiye fundi." Nao walicheka, wakamsifu kwa unyenyekevu wake. Mimi nilikuwa nyuma, nimeshika mfuko wa gundi.

Kisha mapafu yakamshinda, akaanza kukonda. Kila baada ya wiki kadhaa aliniambia, "Kene, inacheza," nami nikafungua mshono ubavuni, nikakata ukanda wa sponji, nikabandika upya. Baadaye mabega. Baadaye mapaja. Vifungo vyote vya deraya ile mtu anaweza kujifungia, isipokuwa kimoja, chini ya kwapa la kushoto, ambacho mkono wa mwenyewe haukifikii. Nilikuwa namwambia, "Toa pumzi," naye anatoa, nami nakibana hapo hapo. Mwishoni haikuwa lazima nimwambie.

Siku moja akaniomba niivae mimi. "Sijawahi kuiona ikitembea," akasema. Nilidhani ningepotelea ndani yake. Ikanikaa kila mahali. Hatukusema neno juu ya hilo. Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, blanketi mabegani, akaanza kunielekeza kwa sauti iliyobaki: "Usitembee kama mwanajeshi. Huyu ametoka shifti. Magoti mazito, lakini kichwa juu." Nikazunguka gereji hadi akaridhika. Akaniambia nimpeleke huyo mtu Johannesburg, yeye akiwepo au asipokuwepo, nami nikamwambia nitampeleka.

Na sasa Mjomba Ntsane alikuwa amekuna kidevu na kutoa hukumu. "Kilichovaliwa na marehemu ni nguo. Kofia ni kofia, hata ikiwa na taa." Watu wakacheka. "Kifua kwa Sechaba. Kofia iende kwa watoto wa dada yake, wachezee. Mikono..."

"Mjomba, nipe yote," Sechaba akasema. "Kuna jamaa yangu ana klabu ya usiku, anataka kitu cha kusimamisha mlangoni. Itapendeza kweli. Tutaiwekea na taa nyekundu machoni."

"Hapana," nikasema.

Mjane aliye kwenye nyeusi hasemi kwenye kikao cha ukoo. Anamnong'oneza shangazi, na shangazi ndiye anayesema. Shangazi Disebo, dada wa baba yake Molefi, alikuwa amekaa kando yangu kwa kazi hiyo hiyo, naye aligeuka akanitazama kana kwamba godoro ndilo lililosema.

"Shangazi, mtulize mkwe wako," Sechaba akasema.

"Sihitaji kutulizwa. Nimesema hapana. Deraya haigawiwi."

Mjomba Ntsane alikuwa na subira ya mtu anayejua atashinda. "Kwa sababu gani, mwanangu?"

"Molefi aliniambia..."

"Haya tena!" Sechaba akapiga paja. "Kila mjane ana la marehemu alilonong'onezwa. Wa jirani yetu alinong'onezwa gari!"

Uwanja mzima uliangua kicheko, hata wanawake, hata wifi yangu niliyemshonea gauni bure. Nikataka kueleza ile ndoo, lile blanketi, yale magoti mazito, halafu nikaona kwamba sitaki. Hayo yalikuwa yangu, wasingeyapata. Na chini yake nikakuta jambo jingine ambalo sijawahi kulisema kwa mtu, hata kwa Molefi.

"Sawa," nikasema. "Mwacheni Molefi apumzike. Naitaka mimi. Nimeikata mimi, nimeibandika mimi, kila mkwaruzo mnaouona nimeukwaruza mimi. Mwezi ujao nitaivaa Johannesburg, na wakiuliza nani ametengeneza, watanisikia."

Kicheko kilikatika. Mama mkwe wangu, Mmamolefi, alivuta shali hadi mdomoni.

"Ukiwa na nyeusi?" Shangazi Disebo akanong'ona, wakati tayari hakuna aliyekuwa akinong'ona. "Mbele ya halaiki? Kene, mwanangu, unataka tuchekwe?"

"Mmeshacheka, shangazi. Zamu yenu imekwisha."

"Ana kichaa cha msiba huyu," Sechaba akasema. "Mjomba, tuendelee."

"Tuendelee," nikasema mimi, na sauti yangu ilikuwa imetulia kuliko nilivyotarajia. "Desturi ni desturi. Anayepewa anavaa hapa hapa. Avae."

Mjomba Ntsane hakuwa na la kupinga, ilikuwa sheria yake mwenyewe. Sechaba akainuka akitabasamu, akavua jaketi la kaka yake alilopewa asubuhi ile. Ni mwanaume mpana, mwenye mgongo kama mlango, na Molefi alikuwa hivyo hivyo nilipomjua. Akaingiza kichwa. Akaingiza mkono mmoja. Mkono wa pili ukagoma. Akajipinda, akanyonya tumbo, akajipinda tena, hadi kifua kikamkaa juu juu, na pale ubavuni pengo likabaki la kupitisha mkate mzima.

"Imesinyaa," akasema.

"Sponji haisinyai."

"Basi hii siyo ya Molefi. Molefi alikuwa saizi yangu! Mama, si tulikuwa tunavaliana mashati? Shemeji, usituchezee akili, ya Molefi umeificha wapi?"

Sikuwa nimepanga kumuuliza. Neno lilitoka lenyewe.

"Ulimwona lini mara ya mwisho, Sechaba?"

"Msibani si nilikuja?" akasema.

"Msibani jeneza lilikuwa limefungwa," nikasema. "Nauliza kabla ya hapo. Akiwa hai."

"Shemeji, Rustenburg si karibu. Ruhusa kazini..."

"Sikuulizi habari za kazi."

Sechaba aliinamisha kichwa, akalitazama lile bamba lililomganda kifuani, akalitazama lile pengo, na nikamwona akipima. Kiganja chake kilikwenda ubavuni kwake, kikarudi kwenye ukingo wa sponji, kikaenda tena. Kisha akaanza kuivua, polepole sana, kwa tahadhari ambayo hakuwa nayo alipoitoa gereji, akailaza mkekani na kwenda kusimama kando ya ukuta, amewapa watu mgongo.

Nilimhurumia, sitasema uongo. Lakini huruma haikunikalisha.

Nikainuka kwenye godoro. Nilivaa vikinga miguu juu ya soksi nyeusi, nikavaa mapaja juu ya gauni jeusi, mikono, mabega. Sikuvua kitu. Kila kifungo kililia kilipopata mwenzake, na katika ukimya ule kilisikika hadi barabarani. Mwisho nikavaa kifua. Kikanikaa kama siku ile gereji, si chembe zaidi si chembe pungufu, na niliposikia wanawake wakivuta pumzi nilijua wameelewa. Hawakuwa wakinitazama mimi. Walikuwa wanaona kipimo alichofikia mtoto wao.

Kikabaki kifungo cha kwapa la kushoto. Nikainua mkono.

"Kuna kimoja sikifikii," nikasema.

Shangazi Disebo alitazama mikono yake. "Mimi ndiye niliyekuvika nyeusi," akasema, na alikuwa karibu kulia. "Siwezi kukuvika kitu kingine siku zako hazijaisha. Unielewe."

"Nakuelewa, shangazi. Nitaondoka hivi hivi."

Nikachukua njia ya geti. Upande wa kushoto deraya ilipiga piga ubavu wangu kwa kila hatua, ilicheza, kama alivyokuwa akisema Molefi, na nilikasirika kwa sababu kazi yangu haikustahili kuonekana vile. Nilikata shauri kwamba hata ikiniangukia barabarani nitaiokota na kuendelea.

"Simama hapo."

Ilikuwa sauti ya Mmamolefi. Mama mkwe wangu hakuwa mtu wa upande wangu. Tangu tuzike hakuwa ameniambia zaidi ya "kula" na "funga mlango". Chumba chake kinapakana na gereji, ukuta mmoja tu wa matofali ya saruji, na miezi yote ile ya kupunguza na kubandika hakuwahi kuingia kutuuliza tunafanya nini. Nilidhani anatudharau.

Alikuja nyuma yangu akiburuza viatu. Sikugeuka. Mkono wake ulipita chini ya kwapa langu, ukaufuata ukingo wa sponji, ukapata kifungo bila kupapasa.

"Toa pumzi," akasema.

Alilitamka neno hilo kama nilivyokuwa nikilitamka mimi, kwa mvuto ule ule, na nikajua kwamba kila nilipomwambia mwanawe neno hilo, mtu mwingine upande wa pili wa ukuta alikuwa akilisikia na kungoja kifungo kilie.

Nikatoa. Nilitoa pumzi ambayo nadhani nilikuwa nayo tangu makaburini. Kifungo kikalia.

"Inacheza?" akauliza.

"Haichezi, mama."

Akarudi mkekani, akainama kwa shida, akaokota kofia na kuifuta vumbi kwa ncha ya shali. Sechaba aligeuka kumsaidia, akamzuia kwa kiganja. Akanipa kofia bila kunitazama machoni. Kisha akamgeukia kaka yake.

"Ntsane, kuna soksi pale hujazigawa. Endelea."

Nikavaa kofia, nikawasha ile feni ndogo niliyomwekea Molefi ndani, karibu na mdomo, siku hewa ilipoanza kumpungukia. Ikanipuliza usoni. Barabarani watu wa Thabong walikuwa wakirudi kutoka kanisani na sokoni, na wa kwanza waliokwisha kuniona walikuwa wamesimama.

Nikafungua geti, nikatoka kama mtu aliyemaliza shifti, magoti mazito, kichwa juu.