Ngozi Namba Kumi na Saba

Alifika saa tatu na nusu asubuhi, siku ambayo hatukutaka mgeni yeyote. Mlinzi alipiga simu kutoka getini.

"Kuna mama hapa, anasema amekuja kuona ngozi yake."

"Ngozi gani?"

"Na mimi nimemuuliza hivyohivyo. Anasema mnayo ninyi."

Nilishuka ngazi mbilimbili. Alikuwa ameketi kwenye benchi la mapokezi, begi miguuni, mkono umekandamiza tumbo upande wa kulia kama mtu mwenye kichomi. Sikuwahi kumwona. Akanipa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa fomu ya maabara yetu, ile ambayo wauguzi huwapa wagonjwa kabla ya upasuaji, kuwaomba kipande cha ngozi ambacho vinginevyo kingetupwa. Juu iliandikwa namba 17. Chini, kwa mwandiko wangu: "Ukitaka kuiona, njoo siku yoyote. Nitakuonyesha, na kila swali lako nitalijibu."

Niliandika maneno hayo kwenye fomu zote ishirini, wiki yangu ya kwanza kazini. Hakuna aliyewahi kuja.

"Ni wewe uliyeandika?"

"Ni mimi. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Basi nionyeshe. Gari langu la kurudi linaondoka saa sita."

Kutoka kwenye kipande chake, kidogo kama stempu, tulitoa seli, tukazilisha, zikaongezeka, tukazipanda kwenye vikombe vya plastiki vyenye upana wa kitufe cha koti. Kisha tukaziinua hewani: chini zinanyonya maji ya virutubisho, juu ziko kavu, mpaka zijenge ganda kama la ngozi ya mtu. Saa nane mchana huo tungeweka juu yake dawa ya shambani, ambayo kupenya kwake kwenye ngozi ya binadamu kunajulikana tayari, tuone kama ngozi yetu inazuia vilevile. Ikifaulu, maabara ingeacha kuwanyoa sungura migongo na kuwapaka dawa. Isipofaulu, sungura thelathini wangeletwa Jumatatu.

Jaribio lilidai vikombe sita vya ngozi ya mtu mmoja, si pungufu. Tulikuwa navyo sita kamili. Awali vilikuwa vinane; viwili niliviharibu mwenyewe, kwa huruma. Niliviona vimekauka, nikavidondoshea maji juu, tone moja moja, kama mtu anayemnywesha mgonjwa. Ngozi inayolowa juu haijengi ganda. "Umeviengaenga mpaka vimekuwa uji," aliniambia Kaka Joto, fundi wetu, aliyepata jina hilo kwa kuchungulia kipimajoto cha kabati la seli kila dakika kumi.

Mgeni haruhusiwi kuingia chumba cha seli, kwa hiyo nilimsimamisha mama nje ya mlango, penye kioo. Joto alitoa sahani yenye vile vikombe, akaiinua kidogo ili aione, kisha akairudisha haraka.

"Ndiyo ile?" mama aliuliza. "Mbona nyeupe?"

"Seli za rangi hatukuzipanda, mama."

"Kumbe! Miaka yote nanunua sabuni za kujing'arisha, kumbe dawa ni kukaa kabatini kwenu." Akacheka, nami nikacheka, nikapumua. Nikadhani nimemaliza.

Hakubandua macho kwenye kioo.

"Mkiiwekea hizo dawa zenu, inaumia?"

"Hapana, mama. Haina mishipa ya fahamu."

"Hivyohivyo muuguzi aliniambia. Lakini mimi kila siku asubuhi, saa mbili, kovu linawasha. Linawasha hasa, mpaka naacha kazi. Ninyi mnaingia kazini saa ngapi?"

"Saa mbili," nilisema.

"Unaona? Wifi yangu anasema mmenifuga kwenye chupa. Watoto wananitazama nikijikuna, wanalia. Miezi mitatu sasa sijalala usingizi wa maana. Sikukuja kuiona tu, mwanangu. Nataka uiguse mbele yangu, nijue kama nitasikia."

Nilimweleza kwamba kovu likipona huwasha, kwamba ni jambo la kawaida. Aliitikia kila neno kwa kichwa, kwa adabu, na mkono haukutoka tumboni.

Niliingia ndani. Joto alikuwa amesikia.

"Rafu ya chini kuna vikombe vya mazoezi," alinong'ona. "Seli za kununua. Bandika namba kumi na saba, iguse mpaka achoke. Hatasikia kitu, atakwenda kwake na amani yake. Nani ameumia?"

"Si ngozi yake."

"Na kwani hata yake atasikia? Jibu ni lilelile!"

Hapo alinishika. Jibu lilikuwa lilelile. Nilitazama nje. Mama alikuwa ameikunjua fomu tena, anaisoma, kidole kinafuata mstari wangu.

Nilimpigia Dokta, mkuu wetu. Alinisikiliza bila kunikatiza, na hilo ndilo lililonitisha.

"Kikombe kikishatoka chumba cha seli kinabeba vijidudu, hakirudi. Unalijua hilo?"

"Ninalijua."

"Vitano si sita. Jaribio limeahirishwa, sungura wanakuja, na kwenye ripoti nitaandika jina lako. Mkataba wako unaisha mwezi huu. Sikutishi, nakukumbusha."

"Nilimwandikia ahadi, Dokta."

"Nani alikutuma uandike?" Akakata simu.

Nilivaa glavu mpya. Joto alisimama mbele ya kabati, kisha akasogea. "Wewe mtoto," alisema, "wewe mtoto una kichwa kigumu." Lakini alinichagulia kikombe kizuri kuliko vyote, cha nne, akanifungulia mlango.

Niliweka kisahani juu ya meza ya korido. Mama alisoma namba kwenye kifuniko, akaisoma kwenye fomu, akarudia.

"Kumi na saba."

"Ndiyo. Kiti hiki, mama, kaa."

Alikataa kukaa. Alifumba macho, mkono kwenye kovu. Nilishika kibanio, nikagusa ngozi katikati, taratibu.

"Umeshagusa?"

"Nimegusa."

"Bonyeza."

Nilibonyeza. Ganda lilishikilia kwa muda. Lilikuwa gumu, ganda zuri la wiki mbili, na nilijua saa nane lingefaulu. Kisha likapasuka, kama utando juu ya maziwa yaliyopoa.

"Tayari?" aliuliza.

"Imepasuka, mama."

Hakufumbua macho. Nyuma yangu Joto hakusogea. Mama alisikiliza tumbo lake kama mtu anayesikiliza chumba cha pili, muda mrefu, huku midomo ikitikisika kidogo. Hatimaye akafumbua macho, akatazama ile ngozi nyeupe iliyochanika, kisha akanitazama mimi.

"Hamna kitu," alisema. "Hamna kabisa."

Niliandika kwenye daftari la kazi: kikombe cha nne, namba 17, kimetolewa na mimi, saa nne na dakika arobaini. Nilipoinua kichwa, mkono wake ulikuwa umetoka tumboni. Ulining'inia ubavuni, wazi, kama hajui auweke wapi.